Tena

Tunakaa Tena. Ndiyo, mtaa wa Tena,
ghorofa ya nne, juu ya fundi wa mageti.
Aliyeubatiza mtaa huu hakunijua
lakini alinilenga:
hapa hakuna sauti inayosema neno lake mara moja.

Jumamosi, saa mbili, grainda inaanza kung'ata chuma
na ninayonolewa ni meno yangu.
Jirani anakaanga vitunguu. Harufu inapita chini ya mlango
bila hodi, inakalia kochi.
Taa ya jikoni inalia.
Wanasema taa hailii.
Inalia.

Mghoi ananirukia akiwa na mikono ya uji,
vidole kumi vinavyonata shingoni,
na ngozi yangu yote inarudi nyuma hatua moja
huku mimi nimebaki pale pale, nimemkumbatia.
Hesabu hiyo sikufundishwa na mtu:
kumpenda mwanao kwa moyo mzima
na nusu ya ngozi.

Marehemu mama aliyaita maringo.
"Mtoto wa Mgange anaogopa sweta!"
Alinivalisha ile ya sufu, akafunga kifungo cha juu,
nikaenda shule nimevaa siafu.
Simlaumu. Kwake jambo lisilo na jina
halikuhitaji daktari.

Sasa nakata lebo za nguo zote za nyumba hii,
nazitia kwenye mkebe wa majani chai.
Mwakio aliuliza: Na nguo zetu zitajuaje zilikotoka?
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Halafu kuna kibanio chekundu.
Kikiwa mlangoni mwa bafu, Mama yumo,
taa imezimwa, pamba masikioni,
amekalia ndoo iliyopinduliwa, anahesabu vigae kwa kidole gumba.
Dakika kumi. Msigonge.
Wanajua. Mghoi hupitisha daftari chini ya mlango:
*Mama umepona ama bado*
bila alama ya kuuliza.
Nalirudisha: *Bado kidogo.*

Wiki jana shule ilituma orodha.
Kalamu za rangi, karatasi za manila,
filimbi moja ya plastiki.
Filimbi.
Nilisimama dukani nikaigeuzageuza
kama mtu anayenunua kisu kwa mara ya kwanza.
Shilingi mia na hamsini. Sikupunguziwa hata peni.

Jioni ile Mwakio alipuliza sauti moja tu
ikaniingia hadi kwenye mizizi ya jino.
Nikasema "Basi!"
na hiyo basi yangu ilikuwa kubwa kuliko filimbi.
Akailaza mezani polepole, ungedhani ni yai.
Hakulia. Afadhali angelia.

Baadaye, nikipita chumbani kwao,
nikaona kibanio chekundu kimebana blanketi
na yeye yuko chini yake.
Sikuwahi kufikiri kuwa kinaweza kuwa cha mtu mwingine.
Nikaketi sakafuni, kwenye simiti baridi. Sikugonga.
Dakika kumi. Zikawa ishirini.
Fundi akafunga kazi.
Kisha mkono ukatoka, ukanikabidhi kibanio,
ukarudi ndani.

Leo tumepanda juu ya paa, kwenye kamba za nguo.
Shuka mbichi za majirani zinapigapiga.
Yeye yuko upande ule, karibu na matangi ya maji,
mimi upande huu, shuka tatu katikati yetu,
pamba sikio moja tu.
Sauti inanifikia imelowa, imepungua makali.
Anakosea ya tatu. Anarudia. Anakosea hapo hapo.
Mghoi anacheka peke yake kwenye ngazi.

Kisha kimya.
Simwoni, ila najua anasikiliza upande wangu
kwa masikio ambayo huenda ni yangu.
Nashika kamba kwa mikono miwili.
Ina maji, ina nyuzi, inawasha.

Tena, nasema.